Mhusika Akishaamua: Tabia na Msuko katika Riwaya ya Kiswahili

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) inaanza na mtu anayesubirishwa. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amekwenda kumwona Manase, aliyekua naye na ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Hakuna bastola, hakuna maiti, hakuna radi. Kuna mlango uliofungwa na kijana msomi aliye nje ya mlango huo, akihesabu kila dakika kama tusi. Baada ya kurasa chache tu msomaji ameshajua kwamba Kazimoto ana kiburi chepesi kuumia, na kwamba kiburi hicho kitamtendesha jambo. Kweli kinamtendesha. Akijua kwamba Manase ndiye aliyempa mimba dada yake, anaamua kulipiza kwa kumwendea Sabina, dada yake Manase. Mpango unamgeuka: anampenda, anamwoa, na ndani ya ndoa hiyo ndimo msiba wake wa mwisho unamomkuta. Mwambie mtu aonyeshe katika riwaya hiyo tabia inaishia wapi na msuko unaanzia wapi. Hataweza.

Kazi nyingi za kubuni zinazoandikwa kwa Kiswahili, zilizochapwa na zilizolala kwenye madroo, hazina upungufu wa matukio. Matukio yapo tele. Binti anafukuzwa nyumbani, anafika mjini, anaibiwa mkoba stendi, anaokotwa na mama msamaria, anapata kazi ya ndani, bosi anamtaka, bosi anapata ajali, binti anarithi. Tatizo ni kwamba yote hayo yanamdondokea kutoka juu. Yeye hasababishi chochote. Ukimtoa ukamweka binti mwingine, hadithi haitikisiki. Mwandishi wa namna hii akiambiwa kazi yake imepwaya huongeza matukio: utekaji nyara, ugonjwa, mchawi. Dawa iko kwingine. Amuulize mhusika wake anataka nini, yuko tayari kulipa nini ili akipate, na atafanya nini siku bei ikipanda.

Mjadala huu ni mkongwe. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi na tamthilia, aliuweka msuko mbele ya tabia: tanzia kwake ni uigaji wa tendo, na tabia zinafuata nyuma. Henry James, mwaka 1884, alikataa mgawanyo wenyewe; aliona kwamba tukio ni tabia inayodhihirika, na tabia ndiyo inayoliamua tukio. E. M. Forster akaja mwaka 1927 na mgawanyo ambao kila mwanafunzi wa fasihi wa Afrika Mashariki ameukariri, wa wahusika bapa na wahusika duara, pamoja na jambo lenye faida zaidi ambalo shule zetu hulipitia haraka: kwamba mfuatano wa mambo bado si msuko. Msuko unaanza pale jambo la pili linapotokea kwa sababu ya la kwanza. Mimi nasimama na James. Lakini waandishi wetu hawakuanzia kwa James, na ni vizuri kuanza walikoanzia wao.

Walianzia kwenye ngano na tenzi, ambako Sungura ni mjanja kabla hadithi haijaanza na atabaki mjanja ikiisha. Shaaban Robert aliichukua hazina hiyo akaipeleka kwenye nathari. Wahusika wake wamebeba sifa zao katika majina: Utubora, Adili, Karama, Majivuno. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali wakarudi na mafunzo, wakaambulia adhabu. Huyo Karama habadiliki hata kidogo. Hana wivu, hana hofu ya usiku, wala hatumwoni akiwaza chakula. Kwa kipimo cha Forster ni bapa kabisa. Hata hivyo kitabu kinasomeka hadi leo, kwa kuwa Shaaban Robert alikipa umbo linalolingana na watu wake: kesi. Mshtakiwa yuko kizimbani, hukumu inaning'inia, na kila simulizi ya mjumbe ni ushahidi. Msukumo wa hadithi unatoka kwenye hoja na hatari, si kwenye nafsi iliyopasuka. Mhusika bapa si dhambi, basi. Anachohitaji ni msuko ulioumbwa kwa ajili yake.

Kosa huja mwandishi anapomchukua Karama, akambadilisha jina kuwa Tumaini, kisha akamtupa Dar es Salaam ya daladala, kodi ya miezi sita na mikopo ya simu. Mji ule hautaki mtu wa sifa moja. Tumaini atapanda gari, atagombania nauli, atadanganya mwenye nyumba, na kila afanyapo hivyo jina lake litamkana. Ken Walibora aliliona hilo. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) bado kuna majina ya kimajazi, ila ameyapindua: Mtemi Nasaba Bora ana ubora wa jina tu, na Mwalimu Majisifu amejipatia sifa kwa mswada alioiba. Amani naye, ambaye angeweza kuwa malaika mwingine wa riwaya za shule, ana siri. Hakufika Sokomoko, anakotawala Mtemi, kutafuta kibarua tu; mswada ulioibwa ni wake. Nia hiyo moja iliyofichwa inampa kila tendo lake la upole uzito wa pili, na msomaji akirudi nyuma anayaona mambo aliyoyapita bila kuyajali.

Nimetaja shule, na sina budi kulisema wazi. Mtihani umechangia kuharibu wahusika wetu. Swali la kawaida humtaka mwanafunzi ataje sifa tano za mhusika na kutoa mfano kwa kila moja: ni mkarimu, ni mwenye bidii, ni msaliti. Kwa kuwa soko kubwa la riwaya ya Kiswahili, Kenya na Tanzania, ni kitabu teule, waandishi wamejifunza kuumba watu wanaohesabika. Kwanza huchaguliwa dhamira, tuseme ufisadi au ndoa za utotoni, kisha huajiriwa watu wa kuibeba. Mfisadi anakuwa mfisadi tangu kifungua kinywa. Hapendi mtu, hana mama mgonjwa, hachekeshi. Lakini mfisadi anayetisha ni yule anayelipia matibabu ya jirani kwa fedha za zahanati, akalala usingizi mzito akiamini ametenda wema. Huyo sifa zake hazifiki tano. Ni mbili tu, na zinapigana.

Atakaye kuona jinsi tabia inavyozaa tukio, na tukio likarudi kuibana tabia, asome Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) akiwa na kalamu mkononi. Bwana Maksuudi amemfungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna. Ni mtu wa heshima nje, mwenye tamaa ya uongozi, na kufuli la mlangoni ni sehemu ya heshima hiyo. Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa wakati mwenye nyumba hayupo. Mtumishi, Biti Kocho, anamleta mkunga, naye ni Farashuu, bibi mwenye kisa cha zamani na Maksuudi kwa yale huyu aliyomfanyia Mwanasururu, binti wa bibi huyo. Maksuudi anarudi, anajua nani amekanyaga nyumbani mwake, anapiga, anatoa talaka. Maimuna, ambaye hajawahi kuachiwa avuke barabara, anatoroka kwenda kwenye dunia ya baa na wanaume, ambayo hana hata lugha ya kujitetea nayo.

Tazama jinsi mwandishi alivyobana matumizi. Jambo moja tu halikusababishwa na mtu: saa ya uchungu. Mengine yote yametendwa na mtu mwenye sababu yake. Tamima anakubali mkunga kwa sababu anakufa. Biti Kocho anamleta Farashuu kwa sababu anajua analolijua. Farashuu anakwenda kwa sababu amengoja miaka. Na Maksuudi, ambaye angeweza kushukuru kwamba mkewe yu hai, anafanya kile ambacho Maksuudi pekee angefanya: anaitetea heshima yake, na papo hapo anaibomoa nyumba iliyokuwa ikiibeba. Farashuu hakuhitaji sumu wala kisu. Aliijua tabia ya adui yake, akaiachia kazi iliyobaki. Naona kisasi hicho ni miongoni mwa visasi vilivyopangwa vizuri kabisa katika nathari yetu. Mwandishi anayeanza anaweza kukifumua hatua kwa hatua, kama fundi anavyofumua koti la zamani ili ajue limeshonwa vipi.

Kinyume cha hayo ni sadfa. Sadfa si haramu. Maisha yamejaa sadfa, na hadithi nyingi haziwezi kuanza bila hiyo. Kifo cha mzazi, barua iliyopotea, gari lililoharibika porini: mwandishi anaruhusiwa kuvitumia kumwingiza mhusika kwenye matata. Asichoruhusiwa ni kuvitumia kumtoa. Katika Siku Njema (1996), pia ya Walibora, yatima Kongowea Mswahili anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua. Safari ya namna hiyo haikosi mikutano ya ghafla, na msomaji anaivumilia kwa kuwa kuondoka kulikuwa uamuzi wa kijana mwenyewe. Amelipia tiketi, kwa maana zote. Angekuwa amekaa kibarazani Tanga na baba akatokea kwa teksi, tungekifunga kitabu.

Haya ni rahisi kuyasema kwa vitabu vya wengine. Tuchukue mfano wa kubuni, wa ukubwa wa hadithi fupi, tuone kazi inavyokwenda mezani. Mwandishi ana fundi cherehani wa Magomeni, Mama Rehema. Rasimu ya kwanza inaeleza kwamba alikuwa mama mwema, mchapakazi, aliyewapenda wanawe. Usiku mmoja wezi wakavunja kibanda chake, wakaiba kitambaa cha bibi harusi, na familia ya bibi harusi ikamshtaki. Msomaji anamwonea huruma. Huruma hiyo hudumu ukurasa mmoja, maana Mama Rehema hana la kufanya isipokuwa kulia.

Sasa tuwaondoe wezi. Mwenye nyumba anadai kodi, na Mama Rehema ameshaomba muda mara nyingi. Mteja ameacha kitambaa kizuri cha satini na harusi ni Jumamosi. Jumanne Mama Rehema anakipeleka kitambaa kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, anakiuza, analipa kodi, na anajiambia kwamba kufikia Alhamisi atakuwa amepokea fedha za sare za shule na kununua kingine kinachofanana. Jumatano bibi harusi anapita.

“Shikamoo, Mama Rehema. Gauni limefikia wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Limebaki vifungo tu.”

Maneno hayo machache yanafanya kazi ambayo maelezo yote ya rasimu ya kwanza hayakuifanya. Tunamjua ni mwongo, na tunajua uongo huo umemtoka haraka kwa sababu anaona haya, si kwa sababu amezoea. Tunajua pia kwamba bibi harusi sasa ataomba kulipima, maana nguo iliyobakiza vifungo inapimika. Atasemaje? Kwamba iko kwa mwenzake anayetoboa matundu ya vifungo? Basi bibi harusi atataka kupelekwa huko. Kila jibu linafungua tatizo lililo kubwa kuliko lililotangulia, na yote yanatoka kwa mtu yule yule. Wema wake haujafutika, umepewa kazi ngumu. Mwandishi naye amepata kitu ambacho wezi wasingempa kamwe, yaani tukio linalofuata.

Wengi hushindwa kwenye mabadiliko. Wamesikia kwamba mhusika duara hubadilika, basi wanambadilisha: mlevi anasikia mahubiri, anaacha pombe. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) alifanya jambo linalohitaji subira kubwa zaidi. Kijakazi, mtumishi wa kabaila wa Unguja, anaendelea kumtumikia na kumwamini bwana wake hata wenzake walipokwisha kufumbuka macho. Msomaji anataka kumtikisa. Shafi, ambaye msimamo wake wa kisiasa haujifichi, angeweza kumwamsha kwa hotuba moja katika sura ya tatu. Alimwacha akaidi, kwa kuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akiliita shamba la mwingine nyumbani hageuki kwa hotuba. Ugumu huo ndio unaoufanya kila ufa utakaotokea kwake uwe tukio. Nadhani Kijakazi ni mafanikio makubwa kuliko mashujaa wote wa mapinduzi waliojaza riwaya za miaka ya 1970.

Katika Vuta n'Kuvute (1999), iliyotengenezwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, Shafi alirudi kwenye tatizo hilo kwa njia nyingine. Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar ya miaka ya 1950, ameshaiva kabla hatujamkuta. Polisi wanaweza kumkamata lakini hawawezi kumshangaza. Yasmin ndiye anayejengeka mbele yetu. Ameozwa kwa Raza, mwenye duka anayeweza kuwa baba yake, anamkimbia, na jamaa zake Wahindi wanamfungia mlango. Kwa rafiki yake Mwajuma anapata mahali pa kulala na pia maisha mengine ya kujifunza. Kila hatua ya Yasmin inamgharimu kitu ambacho hatakipata tena. Kwa hiyo, ingawa siasa yote ni ya Denge, riwaya ni ya Yasmin. Anayeandika juu ya mtu mwenye msimamo usioyumba afikirie kumpa mwenzi wa namna hii, mtu ambaye msimamo huo utamfikia kama dhoruba.

Wapo watakaosema haya ni ya riwaya nzito, na kwamba riwaya pendwa ina sheria zake. Ni kweli kwa nusu. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammad Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), habadiliki. Ana kiko chake, ana akili yake, basi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa nao wanatoka kitabu hiki kwenda kile bila kuzeeka sana. Lakini katika hadithi ya upelelezi uzito wa tabia umehamia kwa washukiwa. Mauaji yana sababu, na sababu ni tabia ya mtu fulani iliyofichwa: wivu, deni, aibu ya ukoo. Mpelelezi anachofanya ni kuusoma msuko kinyumenyume, kutoka maiti hadi uamuzi. Mwandishi asiyewahi kujaribu hadithi ya upelelezi amekosa mazoezi ya sababu na matokeo ambayo semina nyingi haziwezi kumpa. Abdulla aliongeza ujanja mwingine wa kuigwa, kumpa Bwana Msa rafiki, Najum. Najum anaona kila kitu na haelewi yote, nasi tunakuwa naye.

Hadithi za kwenye simu, zinazotumwa sehemu kwa sehemu na kukatwa penye “itaendelea”, zimerithi kasi ya Musiba na Mtobwa. Sizidharau. Zinasomwa na watu ambao hawajanunua riwaya tangu waache shule. Ila taharuki yake mara nyingi ni ya kuficha: nani yuko nyuma ya mlango? Sehemu inayofuata mlango unafunguliwa, ni binamu. Taharuki inayodumu ni ile ambayo msomaji anajua nani yuko nyuma ya mlango, anajua aliye ndani amefanya nini, na bado hajui ataufungua au hataufungua.

Kezilahabi mwenyewe baadaye aliutupa msuko wa aina hii. Nagona (1990) na Mzingile (1991) hazifuati sababu na matokeo. Zina safari, ndoto, wanafalsafa na magofu. Vijana wanaozipenda huzitumia kama ruhusa ya kuandika kurasa za ukungu. Wakumbuke tu kwamba aliyeandika ukungu ule alikuwa ameshaandika riwaya nne zenye miguu ardhini.

Moja kati ya hizo nne, Rosa Mistika (1971), inaibua suala ambalo waandishi wetu hawajalimaliza: kifo kama mwisho. Tuna maiti nyingi mno kwenye sura za mwisho. Mhusika amefikishwa mahali ambapo mwandishi hajui amfanye nini, basi anajinyonga, anagongwa na gari, au anakufa kwa gonjwa ambalo sura kumi zilizopita hazikulitaja. Kifo cha namna hiyo ni sadfa iliyovaa nguo za msiba. Rosa anajiua pia, lakini njia ya kufika hapo imetandikwa tangu mwanzo. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamlinda kwa fimbo bila kumfundisha lolote. Binti anafika shuleni akiwa hajui hata jinsi ya kusema hapana, uhuru unamshinda, kisha, anapojaribu kusimama upya, mchumba wake, Charles, anamkataa kwa sababu ya ubikira uliokwisha kupotea katika miaka hiyo hiyo ambayo ukali wa baba uliizaa. Mtu anaweza kubishana na Kezilahabi kwamba Rosa alistahili kuishi. Mimi hubishana naye kila ninaposoma kitabu hicho, maana Rosa wa kurasa za mwisho ana akili ya kutosha kuona kwamba Charles si kipimo chake, na Shafi baadaye alionyesha kupitia Yasmin kwamba msichana aliyefungiwa milango yote anaweza kuachwa hai na riwaya isipoteze uzito.

Ila ubishi huo unawezekana kwa sababu tu Rosa ana mantiki yake, na mantiki hiyo tunaweza kuigeuza dhidi ya mwandishi wake. Na yule binti wa stendi, wa mkoba na urithi? Hakuna atakayebishana juu yake. Akifa au akiolewa na mtoto wa bosi, ni mamoja.